Jaribio likikutana na kumbukumbu isiyolifaa: uliruke, uliorodheshe au ulipunguze?

Tuseme asubuhi umefungua ripoti ya majaribio ya kiotomatiki, na mstari wa mwisho unasema: 412 yamepita, 0 yamefeli, 38 yamerukwa. Rangi ni ya kijani. Wengi huishia hapo na kuendelea na kazi. Mimi huanza na hayo 38, kwa sababu humo huwa kuna makundi mawili yasiyofanana hata kidogo: majaribio ambayo kweli hayana maana kwenye mashine ile, na majaribio yaliyopaswa kuendeshwa ila kuna mtu alikosea kuandika sharti. Ripoti inayahesabu yote kuwa kitu kimoja.

Katika maunzi yote, kumbukumbu ndiyo inayoleta mkanganyiko huu zaidi. Prosesa ina agizo fulani au haina. Kumbukumbu ina kiasi, ina ukubwa wa kurasa (vipande ambavyo mfumo endeshi huigawa), ina nodi (mafungu yaliyo karibu na prosesa fulani), ina mipaka iliyowekwa na mfumo endeshi, na baadhi ya hayo hubadilika kati ya jaribio la kwanza na la pili kwenye mashine ileile. Ndiyo maana swali la "tufanye nini jaribio hili lisipowezekana hapa?" halina jibu moja. Njia zipo kadhaa, nami nitaziweka mbili kuu bega kwa bega, kisha nizipitie nyingine kwa kadiri zinavyostahili.

Kwanza, kinachokosekana ni nini hasa?

Kuna mashine isiyo na kitu chenyewe. Prosesa ya ARM isiyo na MTE, uwezo wa kunasa makosa ya kumbukumbu kwa alama, haiwezi kutia alama ya biti 4 kwenye kila kipande cha baiti 16 cha kumbukumbu, hata ukiiomba vipi. Mashine ya nodi moja ya NUMA (mpangilio wa kugawa kumbukumbu kwa nodi) haina nodi ya pili ya kuhamishia kurasa. Hapa kutoliendesha jaribio ni haki.

Kuna mashine yenye kitu hicho ila hakijaandaliwa. Kurasa kubwa hazijatengwa, au kiwango cha kumbukumbu ambacho mchakato unaruhusiwa kukifunga kwa mlock, ili kisihamishiwe diskini, ni kidogo mno. Hapa jaribio lenyewe lingeweza kujiandalia mazingira, kisha likarudisha mambo yalivyokuwa. Kuliruka moja kwa moja ni kujinyima taarifa ambayo mashine ilikuwa tayari kuitoa.

Na kuna hali ya tatu: kitu kipo, kimeandaliwa, lakini dakika hii kimeshikwa na jaribio jingine linaloendeshwa sambamba. Leo linarukwa, kesho linapita, keshokutwa linarukwa tena. Dawa yake ni kuliendesha jaribio hilo peke yake. Ukiliruka, umegeuza tatizo la ratiba kuwa pengo katika upimaji.

Kama hujui uko katika hali ipi kati ya hizi tatu, bado mapema kuchagua njia.

Kuruka ndani ya jaribio, dhidi ya orodha ya nje

Hizi ndizo njia mbili zinazoshindana kweli.

Ya kwanza: jaribio lenyewe linaiuliza mashine, na lisipokuta linachohitaji linajiondoa kwa adabu na kutaja sababu. Zana karibu zote zina lugha ya kusema hivyo. Katika pytest ya Python kuna skipif na pytest.skip, katika Go kuna t.Skip, JUnit ya Java ina assumeTrue, na GoogleTest ya C++ ilipata GTEST_SKIP katika toleo la 1.10 mwaka 2019. Kwa skripti na programu ndogo ndogo, ujumbe hupita kwenye namba ya kutokea, ambayo programu huirudisha inapomaliza: majaribio ya kselftest yaliyomo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux hurudisha 4, zana ya ujenzi ya Automake inatarajia 77, na seti ya Linux Test Project ina TCONF, ambayo ni 32. Namba hizi hazilingani, na kosa la kuzichanganya ni la kweli: jaribio linalorudisha 77 chini ya programu ya kuendesha majaribio inayongoja 4 litahesabiwa kuwa limefeli, na linalorudisha 0 baada ya "kuruka" litahesabiwa kuwa limepita. Hilo la pili ndilo la hatari, kwa sababu hata kwenye hayo 38 halitaonekana.

Ya pili: jaribio halijui lolote. Kuna faili pembeni, moja kwa kila aina ya mashine, lenye majina ya majaribio yasiyoendeshwa hapo. Mradi wa Mesa, unaotengeneza viendeshi vya kadi za grafiki, una utaratibu wa aina hii: kila kifaa kina faili lake la majaribio ya kurukwa, jingine la yanayojulikana kufeli, na jingine la yanayoyumba, mara yapite mara yafeli. Mgawanyo huo wa mafaili matatu una busara kubwa, nitaurudia.

Sasa tuzipime njia hizi mbili.

Kwa ukweli wa taarifa, njia ya kwanza inashinda. Sharti linapimwa pale pale, kwenye mashine ile, wakati ule. Ukiongeza kumbukumbu leo jioni, kesho jaribio linaanza kuendeshwa bila mtu kugusa faili. Orodha ya nje haina macho. Mtu aliandika jina la jaribio humo miaka mitatu iliyopita kwa sababu seva ilikuwa na GB 4. Seva ikabadilishwa, orodha ikabaki. Nimewahi kufungua orodha ya namna hiyo yenye majina ambayo hata majaribio yake yalikuwa yameshafutwa.

Kwa usalama, njia ya pili inashinda. Kuna majaribio ambayo hayakupi nafasi ya kuuliza: yanaigandisha mashine, yanaivunja kadi ya grafiki hadi uizime na kuiwasha upya, au yanaifanya kerneli ianze kuua michakato ovyo ili kupata nafasi. Ukisubiri jaribio la aina hiyo lijipime lenyewe, umechelewa. Hilo liwekwe kwenye orodha, na mbele ya jina lake iandikwe sababu na namba ya taarifa ya hitilafu, ili atakayekuja baadaye ajue wakati wa kulifuta.

Kwa urahisi wa kusoma, inategemea sababu imeandikwaje. Linganisha ujumbe huu, "haitumiki kwenye mashine hii", na huu: "nahitaji kurasa kubwa 4 za MB 512, imepatikana 1". Wa kwanza unakulazimisha ufungue msimbo. Wa pili unakuambia papo hapo kwamba hii ni hali ya maandalizi, si ya maunzi, na hata cha kufanya umeshakijua. Ukichagua kuruka ndani ya jaribio, basi andika kila mara kilichotakiwa na kilichopatikana, vyote viwili, kwa tarakimu. Na ukitumia pytest, iendeshe kwa -rs, maana bila hiyo utaona herufi s na hesabu tu, na sababu uliyoihangaikia haitaonekana.

Chaguo langu la kawaida ni njia ya kwanza, na orodha ya nje kwa yale yanayoangusha mashine tu. Lakini njia ya kwanza ina udhaifu mmoja ambao sipendi kuupita haraka: inategemea sharti, na masharti ya kumbukumbu huandikwa vibaya kwa urahisi wa kutisha.

Masharti yanayodanganya

Timu moja niliyofanya nayo kazi ilikuwa na jaribio la kupakia faharasa kubwa, lenye sharti kwamba mashine iwe na GB 16. Sharti lilisoma MemTotal, jumla ya kumbukumbu, kutoka /proc/meminfo, faili ambamo Linux huonyesha hali ya kumbukumbu, na kuilinganisha na 16777216, ambayo ndiyo GB 16 kamili kwa kilobaiti. Seva zetu zote zilikuwa na GB 16. Jaribio halikuwahi kuendeshwa hata mara moja. MemTotal si jumla ya vipande ulivyochomeka kwenye ubao. Ni kile kilichobaki baada ya firmware (programu ya ndani ya ubao) na kerneli kuchukua fungu lao, na kwenye mashine yenye grafiki ya ndani, hata grafiki hiyo huchukua lake. Kwa hiyo mashine ya GB 16 haifikii namba hiyo kamwe. Tulikuja kugundua pale mtumiaji alipoleta hitilafu ile ile ambayo jaribio liliandikwa kuizuia. Tukalishusha sharti hadi 15000000 na likaanza kuendeshwa siku hiyo hiyo. Likafeli, kama lilivyopaswa.

Upande wa pili wa kosa hilo unatokea kwenye kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine. Jaribio linasoma MemTotal, linaona GB 64, linajiona liko salama. Lakini kwa kawaida namba hiyo ni ya mashine mwenyeji, wakati kontena limewekewa mpaka wa GB 4. Jaribio linatenga, linavuka mpaka, kerneli inaliua kwa ishara ya 9, na ripoti inaonyesha namba 137 bila maelezo yoyote. Mtu anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani programu ina hitilafu. Kwenye cgroup v2, utaratibu wa Linux wa kuwekea michakato mipaka, mpaka huo umeandikwa katika faili la memory.max; lisome pia, kisha chukua namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Wengine hukwepa hesabu zote hizi kwa kusema: nitajaribu tu kutenga, nikikataliwa nitaruka. Kwenye Linux mbinu hiyo haitegemeki. Kwa mpangilio wake wa kawaida, kerneli hukubali kutoa anwani nyingi kuliko kumbukumbu iliyopo, na deni linadaiwa pale unapoandika kwenye kurasa. Utakubaliwa, utafurahi, kisha utauawa katikati ya jaribio.

Kurasa kubwa ndizo zenye mtego niupendao kuuonyesha, kwa sababu unafichua kosa la jaribio lenyewe. Chukua jaribio lililoandikwa kwenye mashine ya x86 (prosesa za Intel na AMD), ambako ukurasa mkubwa wa kawaida ni MB 2. Mwandishi alihitaji MB 256, akaandika: nahitaji kurasa kubwa 128. Lipeleke kwenye mashine ya ARM yenye kerneli ya kurasa za KB 64. Huko ukurasa mkubwa wa kawaida ni MB 512. Zidisha: kurasa 128 ni GB 64. Jaribio linatazama, halioni GB 64, linaruka na kuandika "kumbukumbu haitoshi". Sababu inaonekana ya kweli kabisa, na hakuna atakayeitilia shaka, ilhali ukurasa mmoja tu ungetosha na kubaki. Sharti lilipaswa kuwa la baiti, si la idadi ya kurasa. Na hata ukishaomba kurasa kupitia nr_hugepages, mpangilio wa kerneli wa idadi ya kurasa kubwa, rudi uisome namba. Kerneli inaweza kukupa pungufu ya ulichoomba, kimya kimya, kama kumbukumbu imeshakatikakatika.

Halafu kuna sharti ambalo nikilikuta nalipinga kila mara: "ruka kama ukubwa wa ukurasa si 4096". Jaribio linafeli kwenye kurasa za KB 16, mtu anaona mprotect, mwito wa kubadili ruhusa za kurasa, imerudisha kosa la EINVAL, anaongeza mstari mmoja wa kuruka, kijani kinarudi. Lakini EINVAL hapo inasema anwani haikupangwa kwenye mpaka wa ukurasa, kwa sababu mahali fulani 4096 imeandikwa kwa mkono badala ya kuuliza sysconf, ambayo hutaja ukubwa halisi wa ukurasa. Mara nyingi mahali hapo si kwenye jaribio tu. Ni kwenye programu yenyewe. Na mashine za KB 16 si viumbe adimu: kompyuta za Apple zenye prosesa za M hutumia kurasa hizo, kerneli ya kawaida ya Raspberry Pi 5 pia, na Android ilianza kuziunga mkono katika toleo la 15. Kuruka hapa ni kuficha maradhi.

Kutarajia kufeli

Hapa ndipo ule mgawanyo wa mafaili matatu unapofaa. Kufeli kunakotarajiwa, kama xfail ya pytest, mara nyingi hutumiwa kama jina jingine la kuruka. Si hivyo. Kuruka kunasema: swali hili halina maana hapa. Kutarajia kufeli kunasema: swali lina maana, jibu ni baya, na tunajua. Kwa mashine isiyo na MTE, xfail ni uongo, kwani hakuna kilichoharibika. Kwa ile hitilafu ya 4096, xfail ndiyo sahihi hadi itakaporekebishwa, tena kwa strict, mpangilio unaohesabu kupita kusikotarajiwa kuwa kufeli, ili siku jaribio likianza kupita ghafla ripoti ipige kelele na alama hiyo iondolewe. Bila strict, alama hukaa milele kama ile orodha ya seva ya GB 4.

Kuondoa wakati wa kukompaili

Yaani msimbo wa jaribio unaachwa nje programu inapojengwa. Hii nitaipita upesi. Ina faida mahali pamoja tu: pale ambapo msimbo wa jaribio hauwezi hata kukompailiwa kwa prosesa ile. Kwingine inaleta hasara mbili. Jaribio halionekani katika ripoti kabisa, hata kama lililorukwa. Na mashine iliyokompaili inaweza kuwa si mashine itakayoendesha. Kupima kiasi cha kumbukumbu wakati wa kukompaili ni kumpima mtu nguo kwa kumtazama ndugu yake.

Kupunguza badala ya kuruka

Hii ni njia ambayo watu wachache huifikiria, nami naona inastahili nafasi kubwa zaidi. Seti ya majaribio ya CPython, Python ya kawaida, ina mfano mzuri. Majaribio yanayohitaji kumbukumbu nyingi yamepambwa kwa bigmemtest, na kila moja linatangaza ukubwa linaoutaka na baiti linazotumia kwa kila kipande. Ukiendesha seti hiyo kwa -M 8g, yanayotosha ndani ya GB 8 yataendeshwa kwa ukubwa wake kamili, na yasiyotosha yatarukwa. Usipotaja kikomo, yale yanayoruhusu hufanywa kwa ukubwa mdogo sana, 5147, ili angalau mantiki ya jaribio ipitiwe.

Tazama kinachopatikana. Msimbo wa jaribio hauozi kwa kukaa bila kuguswa. Mtu akibadilisha jina la kitendakazi, jaribio linavunjika leo kwenye kompyuta ya kila mtu, si baada ya nusu mwaka kwenye seva moja kubwa. Na jambo la pili ni zuri zaidi: kikomo kinatajwa na mwendeshaji, hakibahatishwi na jaribio. Zile hesabu za MemTotal na memory.max zinapungua umuhimu, kwa kuwa mtu mwenye kuijua mashine ndiye anayesema ni kiasi gani kitumike.

Kinachopotea ni kile kilichofanya jaribio liwepo. Jaribio la kuvuka mpaka wa GB 4, pale namba ya biti 32 inapojaa, halipimi chochote kwa vipande 5147. Kwa hiyo likipunguzwa, lisihesabiwe kuwa limepita kama lingine. Lipewe jina tofauti au ujumbe kwenye ripoti unaosema limeendeshwa kwa ukubwa mdogo. Kama zana yako haiwezi kulitofautisha, afadhali uwe na majaribio mawili: dogo linaloendeshwa kila mahali, na kubwa linaloruka.

Kuiga maunzi

Kabla ya kukubali kwamba kitu hakipo, angalia kama kinaweza kuigwa. QEMU, programu ya kuiga kompyuta, inaweza kuonyesha nodi kadhaa za NUMA kwa kerneli iliyomo ndani ya mashine pepe, hata kama mashine mwenyeji ina moja; kwenye x86 kerneli ya Linux yenyewe inakubali numa=fake=4 wakati wa kuwaka. MTE nayo inawashwa kwa mte=on kwenye mashine ya aina ya virt. Kwa kupima usahihi, yaani kwamba ukurasa umehamia nodi ya 1 kweli au kwamba alama isiyolingana inakamatwa, hiyo inatosha na ni bora kuliko kuruka. Kwa kupima kasi haifai kitu: nodi za kuigwa hazina umbali wa kweli kati yao, na programu ya kuiga ina uzito wake yenyewe. Majaribio ya kasi yaruke huko, na sababu iseme waziwazi kwamba mashine ni ya kuigwa.

Ninavyochagua

Jaribio jipya likija mkononi, mimi hulipunguza kama mantiki yake inabaki na maana likiwa dogo. Likiwa halipunguziki, huliacha lijipime na kuruka lenyewe, kwa sharti la baiti na ujumbe wenye tarakimu mbili. Likiwa linaangusha mashine, orodha ya nje. Likiwa linafeli kwa kosa letu, xfail yenye strict.

Lakini lolote kati ya hayo linahitaji kitu kimoja kando yake: mashine moja ambayo kuruka kumekatazwa. Kwenye timu niliyoitaja tulifanya hivyo kwa kigezo cha mazingira. Kikiwashwa, kila mwito wa kuruka hugeuka kuwa kufeli. Mashine hiyo inajulikana ina nini: kiasi gani, kurasa kubwa ngapi, nodi ngapi. Jaribio likiruka hapo, ama sharti limekosewa, ama mtu amebadilisha maandalizi ya seva bila kusema. Sharti la 16777216 lingekamatwa hapo siku ya kwanza. Kwa mashine nyingine zote tunahifadhi majina ya yaliyorukwa, si idadi yake, na kuyalinganisha na ya jana. Idadi inaweza kubaki 38 huku jina moja limetoka na jingine limeingia.

Kama huna mashine ya namna hiyo, na hakuna wa kukuazima, basi yale majina yaliyorukwa kila mahali yanakiliwe kwenye maelezo ya toleo, chini ya kichwa kinachosema hayakupimwa, ili mwenye seva ya GB 512 asome kabla hajalisakinisha toleo hilo.